Siku za Kazi za Kuku

Kwa mara ya kwanza katika historia ya utumishi wa umma, kuku mbichi alipewa haki ya kupumzika Jumamosi na Jumapili. Haki hiyo ilitolewa na Waraka Namba Tisa wa Idara, uliobandikwa kwenye mlango wa friji ya kantini siku ya Jumatatu, saa nne kamili asubuhi, mbele ya mpiga picha na watumishi kumi na wanane walioagizwa kupiga makofi. Walipiga. Mkurugenzi akakata utepe uliofungwa kwenye kishikio, friji ikafunguka, ndani vikaonekana bakuli la nyanya na chupa ya maziwa, na kila mtu akatikisa kichwa kuonyesha kwamba uzito wa jambo umemwingia.

Kabla ya Waraka mambo yalikuwa holela. Pale mlangoni palikuwa na kikaratasi cha mkono: "Kuku mbichi, siku moja mpaka mbili. Zaidi ya hapo, agandishwe au atupwe." Watu walikisoma miaka nenda miaka rudi bila kujiuliza swali la msingi, yaani siku zipi. Ni Mkurugenzi peke yake, baada ya kuambiwa kwamba kuku wa Ijumaa wametupwa Jumatatu, aliyesimama mbele ya kile kikaratasi, akakuna kidevu, akagundua kwamba hakikusema. Na kwa kuwa ndani ya Idara siku isiyotajwa aina yake huhesabiwa kuwa siku ya kazi, akaunda Kamati.

Kamati ya watu saba ilikaa wiki tatu, ikaitembelea friji mara nne, ikaibuka na jibu ambalo Mkurugenzi alikuwa nalo tangu mwanzo. Jumamosi, Jumapili na sikukuu Idara imefungwa. Friji ni mali ya Idara. Kwa hiyo kuku aliyemo ndani ya friji hiyo hawezi kuharibika nje ya saa za kazi. Na akipokelewa baada ya saa sita mchana, hesabu yake inaanza siku ya kazi inayofuata, maana mtu hawezi kuanza kazi alasiri.

Ambaye hakupiga makofi alikuwa mmoja tu, mpishi mkuu, na alisema baadaye kwamba mikono yake ilikuwa na unga. Watu wote walimwita Shangazi, kuanzia madereva mpaka manaibu, ingawa hakuwa na ndugu hata mmoja katika jengo zima. Alikuwa amepika pale miaka kumi na tisa. Alikuwa mfupi, mpana, mwenye sauti ya kumwita mtu ghorofa ya tatu bila kupanda ngazi, na kiutumishi alikuwa na kasoro moja: akiona upuuzi, nyusi zake zilipanda zenyewe.

"Shangazi, Waraka umeuelewa?" Mkurugenzi alimuuliza siku ile.

"Nimeuelewa, Mheshimiwa. Sijui tu kama kuku naye kauelewa."

Watu wakacheka. Kisha wakaona Mkurugenzi hacheki, na kicheko chote kikageuka kikohozi.

Wakati huo kulikuwa na jambo jingine lililomkosesha Mkurugenzi raha. Jumamosi ya wiki iliyofuata angetimiza miaka sitini, na Kanuni zinasema mtumishi akitimiza sitini anakwenda nyumbani. Mkurugenzi hakutaka kwenda nyumbani. Nyumbani hakukuwa na mtu wa kumfungulia mlango wa gari wala wa kusimama akiingia sebuleni. Watumishi wake, kwa upendo ambao hawakuwahi kuuonyesha kabla, waliandaa chakula cha mchana cha kumuaga siku ya Ijumaa, na wakaagiza kuku thelathini na wawili.

Kuku walifika Alhamisi saa tisa alasiri, wamechinjwa na kusafishwa vizuri, Shangazi akawapanga kwenye friji. Saa kumi na nusu redio ikatangaza kwamba Ijumaa na Jumatatu zitakuwa siku za mapumziko, ili wananchi wapate muda wa kutafakari uchapakazi. Sherehe ikasogezwa mpaka Jumatano.

Shangazi akahesabu kwa vidole, kama anavyohesabu mtu yeyote mwenye jiko. Mpaka Jumatano ni siku sita. Akahesabu tena kwa Waraka: Jumanne kuku wana siku moja, Jumatano wana mbili, wabichi kabisa, tayari kwa sufuria. Akashika kiuno.

Zamani kantini ilikuwa na friza, na kuku waliogandishwa ndani yake hawakumsumbua mtu. Lakini mwaka juzi friza ilihamishiwa ofisini kwa Mkurugenzi kwa ajili ya maji baridi ya wageni. Funguo za ofisi hiyo alikuwa nazo katibu muhtasi, na katibu muhtasi alikuwa tayari njiani kwenda kutafakari uchapakazi kwa wifi yake. Gesi nayo ilikuwa imefungiwa stoo, kama ilivyo desturi kila jiko linapofungwa kwa mapumziko.

Ijumaa mchana Shangazi akapiga simu.

"Mheshimiwa, samahani kwa kukusumbua. Ni wale kuku. Kesho alasiri siku mbili zinatimia. Niruhusu nifunguliwe gesi niwapike kesho asubuhi, au nipate ile friza."

"Leo siku gani, Shangazi?"

"Ijumaa, Mheshimiwa."

"Ijumaa ya kawaida?"

"Ya mapumziko."

"Wewe uko wapi?"

"Nyumbani."

"Umepumzika?"

"Nimepumzika."

"Basi na wao waache wapumzike." Simu ikakatwa.

Nyumbani kwenyewe kulikuwa nyuma ya jengo hilohilo, hatua kama arobaini kutoka mlango wa jiko. Vilikuwa vyumba viwili vya Idara, alivyokaa na mama yake. Mama alikuwa amehama mara tatu katika maisha yake na alikwisha kuapa kwamba mara ya nne atatoka amebebwa. Shangazi akimwaga unga, vyumba vinarudi Idarani, na mama anatolewa na godoro lake. Hilo alilijua vizuri sana. Ndiyo maana Ijumaa alinyamaza, na Jumamosi akanyamaza, akawa anazungukazunguka uani kama mtu aliyeangusha ufunguo.

Jumapili asubuhi alishindwa. Akaenda jikoni akafungua friji. Harufu ilimpokea kabla mlango haujafunguka wote, na alipomgusa kuku wa kwanza, ngozi ilikuwa na utelezi. Shangazi aliogopa, akaogopa kwelikweli. Akiwa msichana, katika jiko la kwanza alilofanya kazi, mkubwa wake aliwahi kuwasha moto chini ya kuku wa siku tano huku akisema pilipili itamaliza mambo. Watu kumi na mmoja walilazwa, kumi wakarudi. Shangazi alikuwa amenusa asubuhi ile, na alikuwa amenyamaza, na tangu siku hiyo hakuwahi kujisamehe.

Akachimba shimo nyuma ya tangi la maji. Akawafukia wote thelathini na wawili, akasugua friji kwa maji ya moto na sabuni, akanawa mikono mpaka viwiko mara mbili, kisha akaenda kukaa kitandani kwa mama yake.

"Umefanya nini?" mama akauliza, maana alimwona analia.

"Nimetupa kuku wa serikali, mama."

"Walikuwa wananuka?"

"Walikuwa wananuka."

"Sasa unalia nini?"

"Walikuwa wananuka kwa kalenda yetu tu."

Jumanne saa mbili na robo Mkurugenzi aliingia kazini. Watu walishangaa, kwa sababu tangu Jumamosi alikuwa na miaka sitini. Mlinzi alisita kupiga saluti, akaipiga nusu. Lakini Mkurugenzi alikuwa amezitumia vizuri siku nne za mapumziko. Alikuwa ametafakari uchapakazi mpaka wazo likamjia, na wazo lilikuwa rahisi kiasi kwamba alijilaumu kwa kuchelewa kuliona. Kama kuku aliye chini ya Idara hazeeki Jumamosi, Jumapili na sikukuu, mtumishi atazeekaje? Ukitoa siku hizo, mwaka unabaki na siku mia mbili na hamsini hivi. Alipiga hesabu mezani kwake sebuleni, akairudia, akamwita mkewe aishuhudie. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja.

Kabla ya saa tatu alikuwa amesaini barua mbili. Ya kwanza ilikwenda Masjala: faili lake lirekebishwe kwa mujibu wa Waraka Namba Tisa. Sherehe ya kumuaga ikabadilishwa jina ikawa ya kumkaribisha, na hapo ndipo alipoulizia kuku, na hapo ndipo barua ya pili ilipoandikwa. Hiyo ilikwenda jikoni. Shangazi alituhumiwa kuangamiza, kwa makusudi na kwa jembe, kuku thelathini na wawili wenye umri wa siku sifuri. Shauri lingesikilizwa Alhamisi. Akipatikana na hatia angeachishwa kazi na kuondoka katika nyumba ya Idara jioni hiyohiyo.

Shangazi aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaitia chini ya kopo la chumvi. Jumatano watumishi walikula maharage kwa furaha ya kumkaribisha Mkurugenzi. Kwa mama yake hakusema kitu. Alianza tu kukusanya maboksi matupu, na mama alipouliza ni ya nini, akasema ni ya vitunguu.

Huko Masjala, barua ya kwanza ilipokelewa na karani aliyekuwa na rula mfukoni siku zote. Huyu mama alikuwa mwembamba, mnyamavu, na hakujua utani. Utani ungeweza kupita mbele yake ukamsalimia na asiutambue. Kwake barua ilikuwa barua. Alisoma "faili lirekebishwe", akatafuta mahali palipoandikwa ni ukurasa gani, hakupaona, akaelewa kwamba ni faili zima. Akaazima kikokotoo, akajifungia ndani na mafaili, akaonekana tena Alhamisi.

Shauri lilisikilizwa katika chumba cha mikutano, saa nane mchana. Kwa Kanuni, mwenyekiti wa Kamati ya Nidhamu ni Mkurugenzi. Mlalamikaji naye alikuwa Mkurugenzi. Ili kuepuka mgongano wa maslahi, alikuwa akibadilisha viti.

"Ulijuaje kwamba wameharibika?" aliuliza kutoka kiti cha mlalamikaji.

"Nilinusa."

"Una cheti cha kunusa?"

"Nina pua, Mheshimiwa."

"Pua hiyo mara ya mwisho ilikaguliwa lini?"

Mwanasheria wa Idara, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akaandika: pua, haijakaguliwa.

"Na walikuwa na utelezi," Shangazi akaongeza.

"Utelezi huo uliuandikia taarifa?"

"Niliunawa."

"Amekiri kuharibu ushahidi. Kwa hiyo, Shangazi, kama wasingenuka, usingewatupa?"

"Ningewatupa vilevile!" Sauti ya ghorofa ya tatu ilimtoka bila kukusudia. "Kuku anaweza akakulaza hospitali na asinuke hata kidogo. Vijidudu vinavyoua havipigi hodi. Ndiyo maana watu wakahesabu siku, Mheshimiwa, na hawakuhesabu kwa sababu wanapenda hesabu. Wamelazwa watu ndipo siku zikahesabiwa. Hata kwenye friji vinazaana, polepole tu, na havijui mapumziko."

Mkurugenzi akahamia kiti cha mwenyekiti ili kumwonya mtuhumiwa kuhusu lugha, kisha akarudi kiti cha mlalamikaji akiwa ameridhika na onyo hilo.

"Tuweke jambo moja sawa kwenye kumbukumbu," Mwanasheria akasema. "Waraka unawahusu kuku peke yao?"

"Unahusu vyote vilivyo chini ya Idara. Kuku, vifaa, watumishi." Mkurugenzi akasimama. "Mimi mwenyewe ni mfano hai. Mbele yenu ameketi, yaani amesimama, mtu wa miaka arobaini na mmoja. Kwa nini? Kwa sababu Jumamosi si siku! Na asitokee mtu humu ndani akaniambia Jumamosi ni siku!"

Hakutokea. Wajumbe walikitazama kipara chake kwa heshima. Mkono mmoja tu ulinyooshwa kutoka mwisho wa meza, na mkono huo ulishika rula.

"Naomba mwongozo," karani wa Masjala akasema. "Nimerekebisha faili la Mheshimiwa kama alivyoagiza. Umri wa leo umekaa vizuri, arobaini na mmoja na ushee. Shida yangu ni ukurasa wa kwanza."

"Ukurasa wa kwanza una nini?"

"Una tarehe ya kuajiriwa. Uliajiriwa ukiwa na miaka ishirini na mitatu. Kwa Waraka, hiyo ni kumi na tano na miezi tisa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ulikuwa mtoto, Mheshimiwa." Akafungua kitabu cha Kanuni mahali alipoweka alama. "Aliye chini ya miaka kumi na minane haajiriwi, na akiajiriwa, ajira ni batili tangu siku ya kwanza. Barua ya kuifuta nimeshaichapa. Nilichotaka kuuliza ni kama niielekeze kwako au kwa mzazi wako."

Mjumbe mmoja aliinama kufunga kamba ya kiatu na akakaa huko chini muda mrefu.

"Nimeona pia kwamba ulioa ukiwa na kumi na saba," karani akaendelea, "ila hilo si la Masjala."

"Wewe mama una akili timamu?" Mkurugenzi akasema. "Nilikwambia urekebishe umri wa leo!"

"Siwezi kurekebisha wa leo nikauacha wa jana. Faili halitalingana."

Mwanasheria alikuwa amevua miwani. Alikuwa mtu wa kufuata jambo mpaka linapoishia, hata kama linaishia pabaya, na sasa alilifuata kwa sauti. "Kama hakuajiriwa, hakupandishwa cheo. Kama hakupandishwa cheo, hakuwa Mkurugenzi. Na kama hakuwa Mkurugenzi, huu Waraka Namba Tisa umesainiwa na nani?"

"Na mpita njia," ikasema sauti kutoka chini ya meza.

"Basi ufuteni huo Waraka!" Mkurugenzi akapiga meza. "Ufuteni sasa hivi! Naufuta mwenyewe!"

"Ukifutwa," Mwanasheria akasema kwa upole, "Jumamosi inarudi kuwa siku. Na Jumamosi, Mheshimiwa, ulitimiza sitini."

Mkurugenzi akatoka kiti cha mlalamikaji akaenda kukaa kiti cha mwenyekiti. Akafikiri kidogo, akarudi kiti cha mlalamikaji. Hakuna kiti kati ya hivyo viwili kilichomsaidia, na mwishowe akabaki amesimama katikati huku ameshika migongo ya vyote.

Shangazi hakuwa ameelewa yote, ila alielewa kwamba mtu mwingine ndiye anayetokwa jasho. Akanyoosha mkono. "Samahani. Na mimi?"

Mwanasheria akapekua karatasi. "Shauri lako halina mlalamikaji, halina mwenyekiti, na kuku wako walikuwa na siku tatu. Wewe nenda jikoni, Shangazi. Watu hawajala tangu asubuhi."

Alitaka kucheka, akajikuta ameshika kingo za meza na machozi yanamlenga. Alimfikiria mama yake na lile godoro. Akainuka aondoke.

"Ngojeni," akasema yule ambaye karani sasa hakujua amwandikeje katika kumbukumbu. Sauti ilikuwa imeshuka. "Nina vitu vyangu ofisini. Picha zangu. Kiti changu. Nipeni muda."

Mwanasheria akatazama Kanuni. "Anayeondoka hupewa siku mbili."

"Siku mbili zipi?"

Wajumbe wote, hata aliyekuwa chini ya meza, wakamgeukia Shangazi, aliyekuwa mlangoni, kama wanavyogeukiwa wataalamu.

"Siku tu, Mheshimiwa," akasema. "Sasa ni Alhamisi saa tisa. Jumamosi saa tisa zinatimia."

Ijumaa nzima mzee alikuwa kwenye simu, akiwatafuta wakubwa waliowahi kunywa maji yake baridi. Wote walikuwa mkutanoni. Jumamosi saa nne asubuhi alifika getini na gari la kubebea mizigo. Shangazi na mama yake walikuwa barazani wakichambua mchele, na kutoka pale walimsikia mlinzi akisema bila haraka yoyote.

"Leo hakuna kazi, mzee. Njoo Jumatatu."

"Jumatatu siku zangu zitakuwa zimekwisha!"

"Hapo sasa."

"Lakini leo bado ninayo! Nina mpaka saa tisa! Jumamosi ni siku! Muulize mtu yeyote, Jumamosi ni siku!"

Alilitikisa geti kwa mikono miwili. Mama, ambaye masikio yake hayakuwa kama zamani, akanyanyua uso kutoka kwenye ungo.

"Yule anapiga kelele za nini?"

"Anasema Jumamosi ni siku, mama."

"Kwani nani alikataa?" mama akauliza, akatupa chenga uani, na wakaendelea kuchambua.